Usimtupie Mama Kazi ya Ofisi

Mama mmoja muuza ndizi alisimama katika kikao cha wakazi hapa Kegonga, kaunti ya Migori, akauliza mambo mawili kwa pumzi moja. Ni nani atakayewazuia wenye vibanda wasiwauzie sigara watoto wanaotoka shuleni? Na ile nafasi ya afisa wa afya ya umma tuliyoambiwa itajazwa, amepewa nani, na ataletwa lini tumwone? Aliyekuwa akiongoza kikao alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa upole kabisa: "Mama, hilo la kwanza ni malezi. La pili ni siasa, na leo hatukuja kwa siasa." Watu wakacheka kidogo. Mama akaketi, akajitanda leso yake mabegani, na kikao kikahamia kwenye habari za barabara.

Mimi nilikuwa benchi la nyuma na sikusema kitu. Ukimya ule umenisumbua tangu siku hiyo, na makala hii ni deni ninalolilipa.

Jibu lile halikuwa la mtu mmoja. Utalisikia barazani kwa chifu, utalisikia kanisani, utalisikia katika mikutano ya wazazi shuleni na katika vipindi vya redio: mtoto akivuta sigara, mzazi wake ameshindwa kulea. Nasema jibu hilo si la kweli, na zaidi ya kutokuwa la kweli lina madhara, kwa sababu linamvua kazi anayelipwa mshahara na kumtwika mama asiyelipwa chochote. Maswali mawili ya yule mama yalikuwa swali moja. Kikomo cha umri kisicho na mtu wa kukisimamia hakipo, hata kiandikwe kwa wino wa dhahabu. Na mtu wa kukisimamia haoti kama uyoga, huteuliwa. Kwa hiyo anayeuliza habari za mtoto na sigara hana budi kuuliza habari za uteuzi, na anayemwambia ayatenganishe anamnyima jibu la yote mawili.

Niwatendee haki wanaoishikilia hoja ya malezi, maana wengi wao si watu wabaya. Wanasema serikali haiwezi kulala katika kila nyumba. Wanasema afisa atapita mara moja kwa mwezi, lakini mama yuko pale asubuhi na jioni. Wanasema mtoto anayemwona babake akiwasha sigara kila baada ya chakula hatazuiwa na bango lililobandikwa dukani. Halafu hufunga na methali: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Yote hayo yana ukweli ndani yake. Lakini waliotuachia methali hiyo walituachia na nyingine, kwamba mkono mmoja haulei mwana, na hiyo ya pili sijapata kuisikia ikinukuliwa na mtu mwenye ofisi.

Tena hapa ni Ukuria. Kama kuna watu duniani ambao hawakupaswa kuambiwa kwamba umri wa mtoto na mipaka yake ni shauri la nyumba moja, ni sisi. Hakuna baba wa Kikuria aliyewahi kuamka asubuhi akajiamulia peke yake kwamba huu ndio mwaka wa kumtahiri mwanawe. Wazee wa inchama, baraza la wazee, ndio waliokaa, wakapima, wakatoa neno, na ukoo mzima ukafuata. Rika lilikuwa mali ya watu wote. Hata tumbaku yenyewe ilikuwa na kikomo chake. Babu yangu alikuwa na kichupa cha ugoro alichokiweka mahali palipojulikana na kila mtu nyumbani, na hakuna mjukuu aliyethubutu kukigusa. Hatukukiogopa kwa sababu mama alitulea vizuri kuliko mama wa jirani. Tulikiogopa kwa sababu mzee yeyote aliyekuona na ugoro, hata kama hakuwa ndugu yako, alikuwa na haki ya kukuadhibu na kukurudisha kwenu ukilia, na babako angemshukuru. Palikuwa na watu wenye mamlaka, na mamlaka yao yalijulikana.

Siwasifu wazee kwa upofu. Katika suala la kuwakeketa wasichana mamlaka hayo hayo yametuumiza, na yanaendelea kutuumiza. Lakini hata jambo hilo ni ushahidi upande wangu. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilipitishwa mwaka 2011. Mwaka 2020, miaka 9 baadaye, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, wasichana wa Kuria walikeketwa na kutembezwa barabarani mchana, kwa nyimbo. Sheria ilikuwepo siku hizo. Kilichokosekana ni mtu wa kuisimamia barabarani. Na hakuna Mkenya mwenye akili timamu aliyetazama picha zile akasema: hayo ni malezi, waachieni akina mama. Nchi nzima iliuliza chifu yuko wapi, polisi wako wapi. Kwa nini swali hilo halali kwa wasichana liwe siasa linapohusu sigara?

Najua jibu lililofichwa chini ya lile la malezi. Huwa halisemwi hadharani, lakini nyumbani kwenye chai ya jioni linasemwa: sisi ni watu wa tumbaku, tutaipinga kwa uso gani? Tumbaku ilitusomesha.

Ni kweli, na mimi ni mmoja wa waliosomeshwa. Kilimo cha mkataba cha kampuni kubwa kilienea katika mashamba ya Kuria na Migori tangu miaka ya 1970. Kampuni ilileta mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, mkulima akatoa ardhi, kuni na watoto wake, na siku ya kuuza deni likakatwa kwanza. Kilichobaki, kama kilibaki, kilikwenda kwenye karo. Nakumbuka kazi yenyewe kuliko ninavyokumbuka pesa zake. Tuliketi chini ya mwembe na rundo la majani mabichi, fito moja kwa kila mtoto, tukiyafunga majani mawili mawili kwa uzi mpaka fito ijae, kisha mkubwa anaipandisha kwenye nyumba ya kukaushia. Utomvu wa majani hunata mikononi, kwanza kijani, halafu kahawia, halafu mweusi kama lami, na sabuni ya kipande haiutoi. Unakwenda kula ugali na ugali wote unakuwa mchungu. Moto wa kukaushia huchochewa usiku na mchana karibu juma zima, na anayeuchochea usiku wa manane hawezi kusikiliza hesabu asubuhi. Asubuhi za umande, majani yakiwa mabichi na maji juu yake, baadhi yetu tulitapika na kushikwa na kizunguzungu, na watu wazima wakasema ni jua. Hakukuwa na jua. Nikotini hupenya kwenye ngozi kutoka kwa jani lililolowa, na ugonjwa huo unajulikana vizuri na madaktari. Miili yetu iliijua tumbaku kabla hatujaiona sigara.

Sasa mtu anaponiambia kwamba mzazi wa Kegonga amlinde mwanawe na tumbaku kwa malezi, namuuliza: mzazi yupi? Yule ambaye mkataba wake ulihitaji mikono ya mwanawe? Mzazi yule hakuwa mwovu. Alikuwa na deni. Na anayedai kwamba kuilima tumbaku kunatuondolea haki ya kuwawekea watoto mipaka amegeuza mambo juu chini. Sisi ndio tunaoijua kwa vidole. Ukitaka shahidi, mtafute aliyeigusa.

Na tazama jinsi wakulima wenyewe walivyoanza kutoka. Mwaka 2022, kupitia mpango wa Shirika la Afya Duniani, shirika la chakula na kilimo FAO, na Mpango wa Chakula Duniani pamoja na serikali ya Kenya, wakulima wa Migori walianza kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma badala ya tumbaku. Hawakutoka kwa sababu walihubiriwa. Mahubiri waliyasikia miaka mingi. Walitoka kwa sababu walipewa mbegu, wakapata mtu wa kuwafundisha, na zaidi ya yote wakapata mnunuzi. Tabia ilifuata mpangilio. Kwa mkulima wa miaka 50 tunalielewa jambo hili bila shida. Kwa mtoto wa miaka 13 tunadai tabia itangulie.

Turudi kwenye kibanda. Siku ya soko, simama hatua chache kutoka kwa kibanda chochote kilicho njiani kutoka shuleni, utazame kwa dakika 20. Kwenye nguzo ya mbele kumefungwa kiberiti cha gesi kwa kamba ya katani, urefu wa kamba unatosha kufika mdomoni mwa mtu mfupi. Chini yake kuna kopo la peremende, na kando ya peremende pakiti ya sigara iliyofunguliwa, mdomo wake umeelekezwa kwa mteja. Mtoto aliyevaa sweta ya shule anaweka sarafu. Anapewa peremende mbili na sigara moja. Hakuna aliyetazama huku na huku, si mwuzaji, si mtoto, wala mtu wa bodaboda anayesubiri abiria pale pale. Hapo ndipo utakapojua kwamba jambo hili halifanywi kwa siri, kwa hiyo si tatizo la mtoto aliyewatoroka wazazi wake.

Sasa soma sheria. Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ikapitishwa 2007 na kuanza kutumika Julai 2008. Inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18. Inakataza sigara kuuzwa moja moja. Pakiti haiwezi kuwa na chini ya sigara 10. Dakika zako 20 pale kibandani zimekuonyesha sheria ikivunjwa mara mbili kwa sarafu moja. Hilo la sigara moja moja ndilo kubwa kuliko linavyoonekana. Mtoto hana pesa za pakiti. Ukiziba mauzo ya moja moja umeziba mlango anaopitia yeye, bila kumgusa mtu mzima anayeweza kununua kumi.

Utafiti wa kitaifa wa tumbaku kwa vijana uliofanywa mwaka 2013 ulikuta kwamba karibu mwanafunzi 1 kati ya 10 wa miaka 13 hadi 15 nchini Kenya alikuwa akitumia tumbaku ya aina fulani: asilimia 9.9. Wavulana walikuwa asilimia 12.8, wasichana 6.7. Sheria ilikuwa na miaka 5 wakati huo. Je, mama mmoja kati ya kila kumi wa nchi hii alisahau kulea kwa mwaka mmoja?

Na kuna jambo jingine ambalo watu wa malezi wangelitafakari. Serikali ilipotoa kanuni za tumbaku za mwaka 2014, kampuni ya BAT ilikwenda mahakamani kuzipinga. Ilishindwa Mahakama Kuu mwaka 2016, ikashindwa Mahakama ya Rufaa mwaka 2017, ikaendelea mpaka Mahakama ya Juu, ikashindwa huko Novemba 2019. Miaka yote hiyo ya mawakili ilitumika kupinga kanuni. Sijapata kusikia kampuni ya tumbaku ikienda mahakamani kupinga malezi. Wanaouza bidhaa hii wanajua kwa hesabu zao wenyewe ni kitu gani kinachopunguza mauzo, na si mawaidha ya mama jikoni.

Nitoe mfano wa mbali, kwa sababu unafanana na wetu kuliko unavyodhaniwa. Woodridge ni mji mdogo katika jimbo la Illinois, Marekani. Jimbo lilikuwa na sheria ya kutowauzia watoto sigara, kama yetu ilivyo. Watafiti walipowatuma watoto madukani kujaribu kununua, waliuziwa mara 70 katika kila 100. Mwaka 1989 mji ukaweka utaratibu wake: kila mwenye duka la sigara awe na leseni ya mji, polisi wafanye majaribio ya mara kwa mara, na anayeuza aadhibiwe mpaka leseni kusimamishwa. Baada ya mwaka mmoja na nusu, mauzo kwa watoto yalishuka chini ya asilimia 5. Na watoto wenyewe? Waliojaribu sigara na waliovuta kila mara walipungua kwa zaidi ya nusu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1991 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Wazazi wa Woodridge hawakubadilishwa katika miezi 18. Waliobadilika ni wenye maduka, kwa sababu mtu mwenye jina na cheo alikuwa akirudi kuwakagua. Sehemu moja ya utaratibu wao siitaki hapa: waliwatoza faini hata watoto waliokutwa na sigara. Mtoto wa Kegonga asiadhibiwe kwa kuuziwa kilichokatazwa kuuzwa.

Wapo wanaosema dawa ni kupandisha umri. Uganda iliweka miaka 21 katika sheria yake ya 2015. Mwaka 2025 sisi tulibishana vikali kuhusu pendekezo la NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, la kuufanya umri wa kunywa pombe kuwa 21. Mji wa Needham, jimbo la Massachusetts, ulipandisha umri wa sigara hadi 21 mwaka 2005, kabla ya miji ya jirani, na kati ya 2006 na 2010 uvutaji wa wanafunzi wake wa sekondari ukashuka kutoka asilimia 13 hadi 7, huku kwa majirani ukitoka 15 hadi 12. Siipingi namba 21. Lakini kubishania 21 mahali ambapo 18 haijawahi kusimamiwa hata kwa siku moja ya soko ni kuongeza ghorofa juu ya nyumba isiyo na msingi. Nipeni kwanza mtu wa 18.

Ukiomba mtu huyo, kaunti hukwambia: hii ni sheria ya serikali kuu, nenda Nairobi. Hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu kauli hiyo inategemea wakazi kutosoma Katiba. Fungua Jedwali la Nne, sehemu ya pili, kazi za kaunti. Huduma za afya za kaunti zimo. Leseni za biashara zimo. Udhibiti wa dawa za kulevya umetajwa waziwazi. Na mwishoni kabisa imo kazi ya kuhakikisha jamii zinashiriki katika utawala wa mashinani na kuzijengea uwezo wa kufanya hivyo. Maafisa wa afya ya umma ni wafanyakazi wa kaunti tangu ugatuzi wa 2013, na ndio hasa wenye kazi ya kuingia dukani na kukagua. Kibanda chenye kiberiti cha kamba kinatakiwa kuwa na kibali cha kaunti. Kaunti inayojua kufuata ada ya kibali mpaka kwenye kibanda cha mwisho cha soko haiwezi kusema haijui njia ya kwenda huko kuulizia sigara.

Basi ndiyo maana uteuzi si siasa, au tuseme ni siasa ya aina inayotuhusu. Na hapa nina ugomvi na sisi wenyewe, si na ofisi peke yake. Sisi Wakuria ni wachache katika kaunti ya Migori, na uchache umetufundisha kuhesabu nafasi. Nafasi ikitangazwa, swali la kwanza huwa: ni mtu wetu? Likishajibiwa, tunateremka: ni wa Nyabasi, wa Bakira, wa Bairege au wa Bagumbe? Likishajibiwa hilo tunapiga makofi na kwenda nyumbani. Silidharau swali la kwanza. Watu walioachwa nje ya meza miaka mingi wana haki ya kuuliza nani ameketi. Lakini mtu wetu asiyekagua kibanda ni sawa na mtu wao asiyekagua kibanda, ila huyu wetu ni vigumu zaidi kumlalamikia, kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani na babake ni jirani. Nimeona mtu akinyamaza barazani kwa sababu hiyo tu.

Sheria imetupa chombo ambacho hatukitumii. Tangu 2017 kuna sheria ya bunge kuhusu uidhinishaji wa uteuzi katika mabunge ya kaunti. Gavana akimteua waziri wa afya wa kaunti, jina linapelekwa bungeni apigwe msasa, umma unaarifiwa, na mtu yeyote, narudia, yeyote, anaweza kumpelekea karani wa bunge maelezo yaliyoandikwa chini ya kiapo akionyesha kwa nini anayependekezwa hafai. Haidai uwe wakili. Haidai uwe wa chama. Hata wazee wa baraza la kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, huteuliwa kwa ushindani na kuidhinishwa na bunge la kaunti. Hawaokotwi chini ya mti. Na sheria hiyo hiyo inampa kila mkazi haki ya kuliandikia bunge ombi juu ya jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake.

Najua ugumu wake. Bunge liko mjini Migori, na nauli ya kwenda na kurudi kutoka Kegonga ni mauzo ya siku nzima kwa mama wa ndizi. Tangazo hutoka kwenye gazeti ambalo hapa halifiki, au linafika siku likiwa limeshafungia vitumbua. Kiapo kinahitaji kamishna wa viapo, na kamishna ana ada yake. Ndiyo maana nasema tangazo la uteuzi lisomwe barazani kwa chifu na sokoni kwa Kikuria na Kiswahili, na maelezo ya wakazi yapokelewe huku huku. Haki inayohitaji nauli imeshakatwa nusu.

Tumewahi pia kuambiwa kwamba kukagua vibanda kutawaua akina mama wenye vibanda. Nimewauliza baadhi yao. Faida ya sigara moja ni ndogo, na wengi wanaiuza kwa sababu kibanda cha jirani kinaiuza; asipokuwa nayo yeye, mteja wa sukari na unga anahamia kule. Mmoja aliniambia waziwazi kwamba kama wote wangekatazwa kwa pamoja angepumua, kwa kuwa ana mtoto darasa la sita. Mama huyo hawezi kuacha peke yake. Anahitaji mtu wa kuwakataza wote siku moja, kisha arudi wiki inayofuata kuangalia. Tena akikosa mara ya kwanza aelezwe, asinyang'anywe bidhaa na askari anayetafuta chochote. Ukaguzi unaogeuka kuwa hongo tunaujua vizuri hapa, na ni sababu nyingine ya kuuliza mapema ni nani anayepewa kazi.

Na mpaka? Ndiyo, Tanzania iko pale, na njia za panya ni nyingi kuliko barabara. Lakini mtoto wa darasa la sita havuki mpaka kutafuta sigara moja. Anaipata kando ya lango la shule, na lango la shule liko Kenya.

Kuna kitu kingine kinachokuja, na kitatukuta tumelala. Ni vile vifuko vidogo vyeupe vya nikotini vinavyobanwa chini ya mdomo, havina moshi wala harufu, na vina ladha ya mnanaa na matunda. Viliingia Kenya mwaka 2019 kwa jina la Lyft. Mwaka 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akasema usajili wake haukuwa halali, na baadaye bidhaa ya aina hiyo ikarudi kwa jina la Velo. Mswada wa kuzidhibiti ulifikishwa Seneti mwaka 2024 na Seneta Catherine Mumma. Nauliza watu wa malezi: mama atakigunduaje kifuko kisicho na harufu kilicho chini ya mdomo wa mtoto anayesema shikamoo na kupita? Malezi yanahitaji macho na pua. Bidhaa hii imetengenezwa kuyapita yote mawili. Anayeweza kuiona ni yule mwenye haki ya kuinua kifuniko cha boksi dukani.

Kwa hiyo sisi wakazi tumeitumia ile haki ya kuliandikia bunge la kaunti, na ombi letu tumeliandika kwenye karatasi mbili za daftari. Tunaomba kila kibali cha kibanda kiwe na sharti la kutouza sigara moja moja wala kumuuzia mtoto. Tunaomba anayependekezwa kusimamia afya aulizwe hadharani mara ya mwisho vibanda vya Kegonga vilikaguliwa siku gani na ripoti iko wapi. Na tunaomba tujulishwe nani ni afisa wa afya ya umma wa huku kwetu.

Nilimpelekea yule mama ombi hilo sokoni alisome kabla ya wengine. Aliweka ndizi kando, akafuta mikono kwenye leso, akasoma polepole mpaka mwisho, kisha akarudi kwenye ule mstari wa afisa, akaugonga kwa kidole. "Umeandika nani," akaniambia. "Mimi niliuliza nani, na lini." Nikaongeza neno hilo, naye akatia sahihi ya kwanza.